Punda wa Eunike

Moshono, Arusha
6 Februari 2000

Shemeji Hans,

Sisi huku ni wazima, isipokuwa watu kumi na mmoja waliokufa njaa wiki iliyopita, na wewe ndiye uliyewaua.

Usiniambie hukujua. Nilipoingiza disketi yako kwenye kompyuta nilikikuta kijiji chetu kimejaa nyumba mpya, zina mabati na madirisha ya vioo, hata kanisa umeweka. Kweli Mchaga ni Mchaga, hata ndani ya gemu lazima ajenge. Lakini ghala tupu, theluji inaanguka, na mahindi yako ng'ambo ya mto yamelala shambani, yameiva yamekauka, hayana wa kuyabeba. Chakula kilikuwepo, shemeji! Hakikufika tu.

Makubaliano yetu ulipohamia huko Singida na kampuni yako ya barabara yalikuwa hivi: wewe unacheza mwaka mmoja wa kijiji, unanitumia disketi kwa basi, mimi nacheza mwaka unaofuata, narudisha. Hatukukubaliana kwamba kwenye mwaka wako kila mtu awe fundi ujenzi. Yule Mzungu aliyetuachia hili gemu alisema unashushiwa watu kwenye bonde tupu na kazi yako ni kuwapangia shughuli mpaka wawe mji. Hakusema kwamba nusu ya mji ni kubeba. Hebu fungua karakana. Chini ya picha ya nyundo kuna picha tano ambazo sidhani kama umewahi kuzibonyeza: kikapu, mzega wa begani wenye ndoo mbili, machela ya watu wawili, toroli na mkokoteni. Mtu asiye na chombo anabeba gunia moja, anapumzika, analalamika, anarudi kulala. Mpe toroli uone. Nimetengeneza matoroli manne na waliobaki wamepona, lakini nimewazika kumi na mmoja nyuma ya kanisa lako zuri.

Sasa la pili, ambalo ndilo hasa la kwanza. Dada yako Eunike ni mjamzito, miezi mitatu. Unajua tulikotoka: wa kwanza alitoka mwezi wa nne, wa pili mwezi wa tano, na mara zote mbili tulirudi nyumbani mikono mitupu. Safari hii daktari anasema mtoto anaweza kukaa, ilimradi mama yake asinyanyue kitu kizito. Tunamshukuru Mungu kwa kila siku inayopita, na tunaogopa kushukuru kwa sauti. Kwa hiyo usimwambie Mama kwanza.

Eunike anakusalimu. Anasema nyumba zako ni nzuri ila hazina choo.

Shemeji yako,
Lesian


Kambini, Singida
24 Februari 2000

Shemeji Lesian,

Habari ya Eunike nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mungu ni mwema. Hapa kambini vumbi ni chakula cha mchana na cha jioni, lakini siku hiyo nilikula wali kwa furaha yangu mwenyewe, nikamnunulia na mpishi soda.

Kuhusu marehemu wetu kumi na mmoja, poleni wafiwa. Nakiri nyumba zilininogea. Nimeufuata ushauri wako nami nimeuongezea. Toroli ni zuri kwa safari fupi, shambani hadi ghalani. Maji yako mbali, bonde zima linashuka hadi mtoni, na hapo toroli ni kujichosha bure. Hukuona kwamba kule msituni kuna punda? Nimewakamata sita, nimewashonea matandiko, na nimechagua wanaume sita wenye nguvu wawe wachunga punda. Punda mmoja anabeba sawa na watu wanne. Utanishukuru.

Sasa niambie ukweli. Daktari kasema asinyanyue kitu kizito, nami kile kisima chenu cha bondeni nakijua. Umeme mmevuta, maji ya bomba mnaahidiwa tangu mimi nina nywele nyingi. Nani anachota?

Nauliza kwa sababu unamjua Mama. Siku ya posa alisema wazi kwamba binti wa Machame hakuzaliwa aje kuswaga punda kwa Waarusha. Wazee walimtuliza, ng'ombe na mbuzi wakapokelewa, lakini lile blanketi mlilompa, blanketi la mama, hajalivaa mpaka leo. Liko ndani ya nailoni yake vilevile lilivyotoka dukani, juu ya kabati. Wageni wakiliulizia anasema baridi haijafika. Machame, shemeji! Baridi haijafika!

Mimi nilikutetea siku ile na ninakutetea hadi leo. Nisaidie nisiaibike.

Wako,
Hans


Moshono
11 Machi 2000

Shemeji Hans,

Nashukuru kwa barua. Samahani kwa ufupi na kwa mwandiko, kamba imenichubua kiganja na kalamu haikai. Duka la fotokopi pale Kimandolu limejaa watu wa mitihani, nachapa kutwa.

Eunike yupo, anaendelea. Maji yanafika nyumbani, usihangaike na hilo.

Disketi hii ina mwaka mzima na hakuna hata mmoja aliyekufa. Ghala limejaa mpaka mlangoni. Utaona mwenyewe.

Yeyo, yaani mama yangu, anasema nimsalimie yule kijana wa kichwa kikubwa, yaani wewe.

Lesian


Kambini, Singida
25 Machi 2000

Lesian,

Nimeona mwenyewe.

Nilipofungua disketi nilifurahi, kweli ghala limejaa. Kisha nikafuata njia ya mtoni nione nani anabeba. Wanaume wangu sita wote wamepokonywa punda. Wawili wamekaa karakanani, mmoja anavua samaki, watatu wanaota moto! Punda wote sita wako kwa wanawake. Wanawake wanashuka mtoni, wanapandisha, wanashuka tena, mvua iwe jua liwe. Na yule wa mbele kabisa, mwenye punda wawili na bado ana mzega begani, nikabonyeza jina lake nione ni nani. Umemwandika Eunike.

Nilikuuliza nani anachota, ukanijibu kwamba maji yanafika. Hata maji ya bomba yana mtu aliyeyaleta, shemeji. Mtu huficha mengi kwenye barua, lakini ukimpa kijiji apange mwenyewe atapanga kama anavyoishi nyumbani kwake. Nimekielewa kijiji chako.

Daktari alisema asinyanyue. Mmeshapoteza wawili. Huyu wa tatu nawe umemtwisha mama yake madumu, kisa mwanaume wa Kiarusha hagusi punda? Nilikutetea mbele ya ukoo mzima.

Nimemwandikia Mama. Nimemwambia yote, mimba na punda. Atakuja kumchukua Eunike, akazalie Machame, na mambo mengine wazee watakaa.

Hans


Moshono
3 Aprili 2000

Kaka Hans,

Shikamoo. Keti kwanza. Ukishamaliza kuketi, jua kwamba wewe ni mtu mwema sana na mpumbavu kidogo.

Aliyecheza mwaka ule wa gemu ni mimi. Lesian hajaigusa kompyuta hii tangu mwezi wa pili.

Siku nne baada ya yeye kukuandikia ile barua ya habari njema niliona damu. Tulikimbia hospitali, tukaambiwa mtoto bado yupo, ila nilale. Si kupumzika, Kaka, ni kulala. Kitanda kimeinuliwa matofali upande wa miguu, kichwa changu kiko chini kama mtu anayeteleza, na ninaruhusiwa kwenda msalani tu. Sinyanyui hata sufuria. Lesian alinihurumia nilivyokuwa nakodolea dari macho, akaihamisha kompyuta kutoka sebuleni, akaiweka juu ya stuli pembeni ya kitanda, akanipa mausi mkononi. Akasema, "Haya, tawala."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyewapokonya wanaume wako punda, na ningewapokonya tena. Ni mwanamke gani aliyekupa ruhusa ya kuwagawa? Siku nilipoingia nyumba hii, Yeyo alinikabidhi kamba za punda wawili mbele ya wanawake wote. Ng'ombe ni wa Lesian na baba zake. Punda ni wangu. Hapa punda ni mali ya mwanamke, na sijui kwa nini nyie watu wa Machame mnadhani ni adhabu yake. Na yule Eunike wa mtoni mwenye mzega begani ni mimi kweli, nilimwandika kwa mkono wangu. Kila mtu hapa ananibebea: Yeyo ananibebea uji, Lesian ananibebea maji ya kuoga. Nikasema angalau humo ndani ya kompyuta na mimi nibebe kitu. Nilikuwa nashuka mtoni kutwa nzima nikiwa nimelala, na jioni najisikia nimechoka vizuri.

Sasa kuhusu anayechota. Ni Lesian.

Unajua maana yake hiyo kwa watu wa huku. Mwanaume kumfunga punda matandiko ni kama wewe kusuka nywele stendi ya basi. Wiki ya kwanza alikuwa anatoka alfajiri asionekane, lakini punda wawili hawafichiki, na mmoja wao ana sauti kama ya mwinjilisti. Siku ya kwanza alifunga madumu yote upande mmoja, matandiko yakazunguka mpaka tumboni, punda akakaa chini katikati ya njia akagoma. Yeyo alicheka mpaka akashikilia mlango. Kisha akafuta machozi akaenda kumfundisha mwanawe kufunga kamba, na wakati anamfundisha alikuwa hacheki tena.

Simel, rika lake, alimkuta njiani akiwa na wenzake. Wanawake wa kisimani ndio walionisimulia.

"Lesian! Umeolewa lini? Mbona hatukuitwa kwenye sherehe?"

Lesian akamjibu hata bila kusimama, "Mwezi wa pili. Mahari yangu ni hawa punda wawili, na mume wangu ni mkali, akikuta ndoo tupu nalala nje."

Walicheka wote. Aliporudi nyumbani na mimi nilicheka, naye akacheka, lakini chai yake aliiacha mpaka ikapoa. Najua ilimuuma. Kesho yake akaja tena kusimama mlangoni kama anavyofanya kila asubuhi kabla ya kuwagusa, "Mama Punda, naomba punda." Ananiomba, Kaka. Kila siku. Sijawahi kuolewa na mtu mwingine ili nilinganishe, lakini namshukuru Mungu kwa huyu.

Hakukuficha kwa ubaya. Mimi ndiye niliyemkataza kuandika. Nilijua Mama akisikia atakuja na gari kunichukua, na daktari amesema hata safari ya hapa hadi Kimandolu niiogope, sembuse Machame. Ndilo hilo sasa umelifanya. Kama unaweza kumzuia Mama, mzuie.

Nakupenda hivyohivyo.
Mdogo wako,
Eunike


Kambini, Singida
9 Aprili 2000

Mdogo wangu Eunike, na shemeji yangu Lesian,

Maneno niliyonayo ni mawili tu, nisameheni, na asanteni, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Mama siwezi kumzuia. Simu ya parokia haipokelewi, na barua yangu lazima imeshafika. Nimempa utingo hii barua aikimbize. Akija kabla yake, msimwache amsogeze Eunike hata hatua moja. Mwambieni mimi ndiye mwongo.

Shemeji, nimekuwa nikisoma lile jibu lako kwa Simel kila siku. Nilimsomea na mpishi. Amesema wewe ni mwanaume.

Hans


Moshono
29 Aprili 2000

Shemeji Hans,

Barua yako ilimkuta Mama ameshafika. Ngoja nikusimulie.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kisimani ni matope matupu. Napandisha na punda wawili, suruali nimekunja hadi magotini, kamba mkononi, kanga ya Eunike nimeiviringisha begani dumu lisinichubue. Nikainua macho, nikamwona Mama amesimama pale njia inapogawanyika, na mkoba wake mkubwa, na viatu vya kanisani. Wewe unajua kwetu mkwe ni mtu wa heshima, hukutani naye hivihivi, unajiandaa, unapiga pasi. Nilitafuta kichaka, shemeji. Hapakuwa na kichaka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akawaangalia punda. Akaiangalia ile kanga. "Hawa ni punda wa nani?"

"Wa Eunike, Mama."

"Na wewe?"

"Mimi nimewaazima."

Punda mmoja akaanza kula majani yaliyotokeza kwenye mkoba wa Mama, maana alikuwa na mkungu mdogo wa ndizi humo. Mama akampiga kibao cha pua. Kisha akavua viatu vyake, akavitia mkobani, akaninyang'anya kamba ya punda wa nyuma.

"Tangulia," akasema. "Mimi njia siijui."

Tukapita hivyo mbele ya nyumba za watu. Simel alikuwa amekaa nje na wenzake. Alifungua mdomo, akamwona Mama, akaufunga mdomo wake. "Shikamoo, Mama," akasema. Mama akaitikia bila kupunguza mwendo. Nilisikia nyuma yangu anamsemesha yule punda kwa Kichaga. Sijui alimwambia nini, lakini alitembea vizuri kuliko anavyotembea na mimi.

Nyumbani alikuta kitanda juu ya matofali. Akamshika Eunike uso, akakaa chini sakafuni, akalia. Yeyo akaja akakaa naye. Kiswahili cha Yeyo ni kidogo na Mama hajui Kimaa, lakini walikaa pale hadi mchana.

Sasa nikuambie jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Mama alipokuwa akiutoa mkungu wa ndizi mkobani nililiona lile blanketi, ndani ya nailoni yake. Alikuwa amelileta. Sihitaji kuelezwa, kwenu na kwetu ni lilelile, blanketi la mama likirudishwa, ndoa imevunjika. Alikuja kumchukua binti yake na kuniachia blanketi langu. Aliusukuma mkoba chini ya kitanda, akauliza jiko liko wapi.

Hajaondoka hadi leo. Anapika mtori. Mimi bado naenda kisimani, naye bado hajalitaja blanketi, wala kunirudishia wala kulivaa. Nashukuru kwamba yupo. Lakini kila ninapopita pale kitandani nauangalia ule mkoba.

Usijilaumu. Barua yako ile mbaya ndiyo iliyotuletea mtori.

Lesian


Kambini, Singida
2 Juni 2000

Wapendwa wangu,

Miezi saba sasa! Nahesabu kwa vidole vya mafundi wote wa kambi.

Katika gemu tumefika mbali bila kuigusa ile picha ya tano, mkokoteni, kwa sababu unahitaji njia pana na sisi njia hatuna. Nimeona tuanze na ya kweli. Mafundi wangu wamechukua ekseli ya pikapu iliyokufa, wakaichomelea fremu, wakaweka mbao na tairi mbili nzima kabisa. Nira ni ya punda wawili. Mkokoteni utaletwa na lori linalokuja kuchukua saruji Arusha. Ni zawadi ya mjomba kwa mtoto, kwa hiyo hamna ruhusa ya kukataa. Waliuchomelea baada ya saa za kazi, bila hata kuombwa mara ya pili, walipomsikia mpishi akisimulia habari za Lesian.

Shemeji, sijui nikushukuruje. Ulimbeba dada yangu wakati mimi nakutukana.

Hans


Moshono
10 Julai 2000

Kaka Hans,

Shikamoo. Mkokoteni umefika na umeharibu mila zote za Moshono.

Kumbe punda mwenye matandiko ni wa mwanamke, lakini punda mwenye tairi ni wa kila mwenye suruali! Simel aliuona asubuhi, mchana akarudi na rika zima na majembe, wakaipanua njia ya kisimani mpaka bondeni. Hakuna aliyewaomba. Sasa wanagombea kuuendesha. Yeyo amewawekea sharti moja: punda bado wana mwenyewe. Kwa hiyo mimi nimelala hapa na tumbo langu kama ghala la kijiji chetu, na kila asubuhi mwanaume mzima anainama dirishani, "Mama Punda, naomba punda." Jana aliinama Simel. Nilimwambia aje kesho. Na leo amekuja.

Mtoto anacheza sana. Daktari amefurahi mpaka akaniita jina langu.

Blanketi bado liko chini ya kitanda. Lesian anadhani silijui. Kila nikijigeuza naisikia ile nailoni ikilia huko chini, na Mama akiwa jikoni naye anaisikia, kwa sababu husimamisha kisu kisha anaendelea kumenya ndizi. Namshukuru kwa kila kitu, Kaka, lakini neno lenyewe hajalisema, na sisi hatuthubutu kumuuliza.

Eunike


Moshono
27 Agosti 2000

Mjomba Hans,

Ndiyo, Mjomba. Soma tena.

Ni msichana. Alizaliwa wiki iliyopita hospitalini, amekamilika, ana sauti kama ya yule punda wetu. Eunike ni mzima. Nilipokabidhiwa mtoto nilishindwa kusema lolote isipokuwa asante, nikamwambia nesi asante, nikamwambia mfagiaji asante, nikaliambia na geti. Nikushukuru na wewe sasa kabla sijasahau. Asante, Hans. Kwa mkokoteni, kwa hasira yako, kwa kila kitu.

Jina ametoa Mama. Alisema Machame binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, hakuna mjadala, kwa hiyo anaitwa Nkasiogi. Yeyo aliposikia alitoka nje, akakaa na punda.

Disketi nimeiweka humu. Eunike amecheza mwaka mmoja kabla ya kujifungua na kijiji sasa ni mji. Wanaume wawili wamerudishiwa punda, kwa majaribio. Nimeifungua na mimi karakana baada ya miezi mingi, nikaziangalia zile picha tano, kikapu, mzega, machela, toroli, mkokoteni. Nikaona waliotengeneza gemu wamesahau moja. Sikiliza.

Jana nilirudi kutoka kisimani, nikashusha maji, nikaingia ndani. Eunike alikuwa amelala usingizi. Mama hayupo, mtoto hayupo. Nikaangalia chini ya kitanda, mkoba uko wazi. Sakafuni kulikuwa na nailoni imechanwa.

Nikatoka nje mbio. Mama alikuwa anakuja polepole kutoka nyumbani kwa Yeyo, kwenye ile njia mpya, mbele ya wanawake wote waliokuwa wakienda kisimani. Blanketi alikuwa amelivaa. Jekundu, bado lina mikunjo ya dukani. Na mgongoni, ndani ya blanketi, kichwa kidogo cha Nkasiogi kimelala.

Alisimama mbele yangu, akaniangalia suruali yangu ya matope.

"Baba Nkasiogi," akasema, "maji hayo hayatoshi. Nataka kumwogesha mtoto, na mama yake, na nifue."

"Nitarudi, Mama. Ila Eunike amelala, sijamwomba punda."

Akalivuta blanketi vizuri mabegani, akamweka sawa mtoto.

"Chukua, mwanangu," akasema.

Lesian